Amplifaya ya taksi ya Busia iliyokuwa inachoma mosfeti kila ikirudi kwenye gari

Amplifaya yenyewe ni ya chaneli mbili, klasi AB, zile za zamani kidogo zenye bodi moja ndefu, hitisinki (chuma cha kupozea) nzito ya alumini na fyuzi mbili za ampea 30 ubavuni. Ilikuwa imefungwa chini ya kiti cha nyuma kwenye Hiace ya abiria inayopiga Busia–Kampala, kazi yake kusukuma subwufa moja ya omu 4 iliyofungwa briji, yaani chaneli zote mbili zinasukuma spika moja. Dereva aliileta na maneno machache tu, "fundi, ukiunga umeme hivi fyuzi inakufa", alafu akaongeza kwamba ilishatengenezwa mahali pengine, ikalia vizuri mezani, ikarudi kwenye gari ikapiga mziki njia nzima ya Bugiri, kufika karibu na Iganga ikatoa moshi ikanyamaza.

Nimeamua kuandika kisa chote kwa sababu naona amplifaya nzuri zinatupwa huku kwetu kwa mtindo huu huu. Mosfeti, yaani transista za kuwasha na kuzima umeme mkubwa, zinabadilishwa, zinaungua, zinabadilishwa tena, mwisho mwenye gari anaambiwa bodi imeshaoza nunua nyingine, na ile nyingine ikifungwa pale pale nayo inaungua. Inauma kuona hivo maana mosfeti za pawa saplai, ile sehemu inayopandisha volti 12 ya betri, huwa hazifi zenyewe tu, kuna kitu kinaziua, na usipokipata hicho kitu unauza vipuri tu hujatengeneza.

Kabla ya kuweka umeme wowote nilifungua kifuniko nikaangalia kwa macho. Fyuzi moja ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba. Hiyo sitaipitia haraka, jamani tusifanye hivi, fyuzi ikikatika inakuambia kuna shoti na ukiweka waya ule moto wote unahamia kwenye bodi, na kweli njia ya shaba ya chanya kwenye hii bodi ilikuwa imenyanyuka na kuwa nyeusi kama sentimita tatu hivi, gari la abiria hili, waya ungeweza kushika moto chini ya kiti watu wamekaa.

Mita nikaweka kwenye omu, kutoka teminali ya chanya ya betri kwenda ethi, ikasoma 0.3. Shoti kabisa. Amplifaya hii ina mosfeti sita za IRFZ44N kwenye pawa saplai, tatu zinavuta upande mmoja wa transfoma ya duara na tatu upande wa pili, zinapokezana. Kundi la karibu na teminali, nitaliita kundi A, lilikuwa limekufa lote, mbili zimeshoti miguu yote mitatu na ya tatu imeshoti dreini na sosi (umeme unapita kati ya hiyo miwili, mguu wa geti ndo unaoamrisha). Kundi B zilisoma vizuri. Risasi ya kulehemu ya kundi A ilikuwa mpya inang'aa, ya kundi B ya kiwandani bado, kwa hiyo fundi aliyetangulia alibadilisha zile tatu tu akaishia hapo. Rezista za geti za kundi A, ambazo kwenye bodi zimeandikwa 47, mbili zilikuwa zimekatika na moja inasoma 190. Mosfeti ikishoti dreini na geti volti 12 ya betri inarudi nyuma kupitia geti, inachoma rezista, alafu inaenda kupiga kile kinachoendesha geti, kwa hiyo ukikuta rezista ya geti imeungua usiishie kwenye rezista, fuata njia hadi mwisho.

Upande wa pili wa transfoma nilipima haraka. Dayodi kubwa mbili za kurektifai nzima, transista za mwisho TIP35C na TIP36C nzima zote, rezista za emita za omu 0.22 nzima, reli ya chanya na reli ya hasi (njia za umeme uliopandishwa na transfoma) hakuna shoti kwenda ethi ya sauti. Hapa ndo mtu anasema sawa, upande wa sauti hauna shida, mosfeti tu zilichoka, tuweke mpya. Nikaandika kwenye karatasi "nani kaua A?" nikaendelea.

Mosfeti zote sita nikazitoa, na zile za B pia. Siachi za zamani tatu na mpya tatu kwenye bodi moja kwa sababu hazifunguki na kufunga sawasawa, upande mmoja unabeba zaidi. Nikasafisha matundu, nikarudisha njia ya shaba kwa waya mnene, nikaweka rezista mpya za geti, nikawasha bila mosfeti. Umeme nilichukua kwenye betri ya gari, kwenye chanya nimeunga balbu ya taa ya mbele ya wati 55 mfululizo. Kwa wasioijua hii njia, balbu ya wati 55 kwa volti 12 inapitisha kama ampea 4.6 tu hata bodi ikiwa na shoti kabisa, kwa hiyo kukiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu zote na wewe unatoa waya taratibu bila kitu kuungua, kukiwa hakuna shoti inamulika kidogo kapasita zikijaa alafu inafifia. Mimi sijui kufanya kazi hii bila hiyo balbu, na haihitaji pesa, kila gereji Busia ina balbu iliyokatika upande wa taa kali ambayo upande wa pili bado unawaka.

Aisi (chipu) inayoongoza pawa saplai ni TL494, ambayo iko kwenye amplifaya nyingi sana za gari. Pini 12 ni umeme wa kuingia, nikapata 11.8. Pini 14 ni rejea yake ya volti 5, ikasoma 5.0. Pini 4 ikiwa juu aisi imezimwa, ikiwa chini karibu na sifuri inafanya kazi, ilikuwa chini. Matokeo yanatokea pini 9 na 10, kila moja inapeleka kwa kundi lake kupitia dayodi ndogo, na pembeni kuna transista ndogo A1015, kazi yake ni moja tu, kushusha chaji ya geti haraka wakati kundi lile linatakiwa kuzima. Sina oskiloskopu ya kuonyesha umbo la mpigo lakini kwa kazi hii mita ya kawaida inatosha ukijua unatafuta nini. Mpigo ukiwa unawaka karibu nusu ya muda, mita kwenye DC inasoma wastani, na pande mbili lazima zifanane. Nikapima kwenye matundu ya geti, A ikasoma 4.8 na B ikasoma 4.8. Safi kabisa.

Sasa hapo kuna kitu kilinikataza kufurahi. Dereva alisema ilipiga masaa kadhaa alafu ikafa, maana yake ni kitu kinachokuja na joto. Nikachukua hita ya upepo nikaipuliza A1015 ya kundi A huku probu ya mita ikiwa kwenye geti. Volti ikaanza kupanda, 5, 6.5, mara ikaruka 9 na ikabaki pale. Nikaacha ipoe, ikarudi 4.8. Ya kundi B nikaipuliza vile vile, haikutikisika. Basi ile A1015 ilipigwa na umeme mosfeti za kwanza zilipokufa, ikabaki inafanya kazi ikiwa baridi tu, ikipata joto inakata ndani, geti za kundi A zinabaki na chaji, yaani kundi A linabaki limewaka wakati kundi B nalo linawaka. Makundi yote mawili yakiwaka pamoja transfoma inakuwa haina kazi tena, umeme wa betri unapita moja kwa moja. Moshi wa Iganga ndo huo. Ukiipima ile transista imetolewa, baridi mezani, kwenye dayodi inasoma vizuri kabisa, nilijaribu.

Nikabadilisha A1015 zote mbili na dayodi ndogo za pembeni. Mosfeti niliagiza Nairobi, Luthuli Avenue, zikaja kwa basi mpaka mpakani. Nilipimia kwenye kile kitesta kidogo cha vipuri kinachoonyesha uwezo wa geti kwa nanofaradi, nikitumia zile tatu nzima za kundi B kama kipimo. Nyingi zilikaribiana nazo, ila kulikuwa na chache ndani ya pakiti hiyo hiyo zinasoma karibu nusu, hizo nikaweka pembeni sitazitumia hata kwa kazi ndogo, maandishi juu ni ya IRFZ44N lakini kilichomo ndani ni kidogo. Kuna jamaa aliniuliza kwa nini nisiweke IRF3205 wakati ni kubwa zaidi, inabeba ampea 110 na hii 49. Ni kubwa kweli ila geti yake pia ni kubwa, datashiti inaonyesha uwezo wa kuingia kama pikofaradi 3247 dhidi ya 1470 za IRFZ44N, na A1015 ni transista ya miliampea 150 tu, ukiipa geti tatu za namna hiyo inachelewa kuzishusha na unarudi kwenye ugonjwa ule ule kwa mlango mwingine. Ukitaka kuongeza mosfeti kubwa ongeza na nguvu ya transista inayoendesha geti.

Ikawashwa kwa balbu, balbu ikamulika ikafifia. Reli zikapanda chanya 32 na hasi 32. Nikatoa balbu nikaweka fyuzi ya ampea 10, ikatulia inakula ampea moja hivi bila mziki. DC kwenye spika, ambayo inatakiwa iwe karibu na sifuri, upande wa kushoto milivolti 18, kulia 25, hiyo ni nzuri. Mziki ukapigwa jioni nzima mezani, hitisinki ikapata joto la kawaida.

Wengi tungemrudishia mtu hapo. Lakini A1015 inaeleza kifo cha pili tu. Cha kwanza bado hakina jibu, maana A1015 iliharibika KWA SABABU mosfeti za kwanza zilikufa, na hizo za kwanza zilikuwa za kiwandani na A1015 nzima. Kwa hiyo nikamuita dereva, nikamwambia kaka kaa hapa unieleze tangu mwanzo, kabla haijaungua mara ya kwanza ilikuwa na tabia gani, hata kitu kidogo. Akafikiri, akasema haikuwa na shida yoyote, ila kuna kipindi ilikuwa inalia wiiii kwenye spika, ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia inashuka. Mtu mmoja akaitengeneza, ikaacha kulia, na baada ya hapo haikukaa sana ikaungua.

Hiyo sentensi ndo ilifungua kisa chote.

Sauti inayopanda na mzunguko wa injini ni kelele ya altaneta (jenereta ya gari), na ikianza ghafla kwenye gari ambalo lilikuwa safi mara nyingi ni ethi ya RCA (waya za sauti kutoka redio kwenda amplifaya) kwenye redio imekatika. Ndani ya redio nyingi ile ngozi ya nje ya RCA inaenda kwenye ethi kupitia njia nyembamba sana ya shaba au fyuzi ndogo kama mbegu ya mchele. Njia hiyo kwa kawaida haikatiki bila umeme mwingi kuliko inavyoweza kubeba kupita. Na RCA ni waya wa kubeba sauti, hautakiwi kubeba ampea. Sasa zilitoka wapi?

Tukaenda kwenye gari pale steji. Nyuma ya redio nikakuta waya mnene umezungushwa kwenye ngozi za RCA zote mbili ukafungwa kwa skrubu kwenye bati la redio. Nikaufungua nikapima, kutoka ngozi ya RCA hadi bati la redio, hakuna njia. Imekatika ndani kama nilivyotarajia. Waya ule unaondoa kelele kweli, siwezi kusema hauondoi, lakini umeacha swali la nani alikata ile njia. Nikarudi kwenye amplifaya kuangalia karibu na soketi za RCA, na kweli njia ya ethi ya pale ilikuwa na rangi ya kahawia, imepitishwa moto.

Ili umeme mkubwa upite kwenye ngozi ya RCA kuelekea redio lazima ethi ya sauti ya amplifaya na bati la gari ziwe zimepata tofauti kubwa ya volti. Ndani ya hii amplifaya ethi ya sauti imetenganishwa na ethi ya betri kwa rezista, kwa hiyo kama reli ya volti 32 ikigusa bati la gari, njia pekee nzuri ya kurudi ni bati, redio, ngozi ya RCA, bodi. Na reli inagusaje bati? Kupitia hitisinki. Hitisinki ilikuwa imefungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye sakafu ya gari.

Mezani nilikuwa nimeshapima hitisinki na reli zote, hakuna njia. Safari hii nikafunga bodi kabisa kama inavyokaa kwenye gari, skrubu zote za chuma kinachobana transista zimekazwa, mita kwenye mlio, alafu nikaibana hitisinki huku na huku kwa mikono. Upande wa kulia mwishoni mita ikalia ti. Nikakaza zaidi, ikalia mfululizo, 0.4 omu kutoka reli ya chanya. Nilipoitoa TIP35C ya hapo nikakuta chini ya padi ya silikoni, ile inayoitenga na hitisinki, chembe ya alumini imetoboa padi, ndogo kiasi cha punje ya chumvi. Mgongo wa TIP35C ni kolekta na kolekta yake iko kwenye reli ya chanya. Na sentimita mbili kutoka hapo kulikuwa na tundu ambalo si la kiwandani, limetobolewa kwa drili kwenye hitisinki kwa sababu mguu mmoja wa kufungia ulivunjika, na kingo za lile tundu bado zina makali, mabaki ya drili yameingia chini ya padi.

Sasa panga mambo. Tundu linatobolewa, chembe inaingia. Gari linapiga barabara, matuta ya kila senta, mtikisiko unaisukuma chembe mpaka inatoboa padi. Mguso wa kwanza wa reli na bati unapita kwenye RCA, ile njia nyembamba ya redio inakatika, shoti inaishia hapo na amplifaya inabaki nzima ila inaanza kulia wiiii. Anakuja mtu anaweka waya mnene kuondoa kelele. Mguso unaofuata unakuta njia nene, hakuna cha kukatika, pawa saplai inasukuma ampea zote ilizonazo mpaka mosfeti zinakufa. Taa ya protekti (ulinzi unaozima amplifaya kukiwa na shoti) haikuwaka kwa sababu protekti ya hii amplifaya inasoma umeme kwenye zile rezista za 0.22, na shoti hii haipiti pale kabisa, inatoka kwenye reli moja kwa moja. Kisha mosfeti tatu zinabadilishwa, A1015 iliyopigwa inaachwa, fyuzi inafungwa waya. Kila mmoja aliondoa kitu kilichokuwa kinalinda, na hakuna aliyefanya kwa ubaya, kila mmoja alitibu alichokisikia.

Matengenezo yenyewe ya hapo yalikuwa mepesi. Kingo za tundu nimezilainisha kwa ncha ya drili kubwa nikizungusha kwa mkono, nikaosha hitisinki yote kwa spiriti, nikatoa padi zote si ile moja tu, nikaweka mpya, nikapitisha kidole kwenye alumini kabla ya kila padi kwa sababu kidole kinahisi chembe ambayo jicho halioni. Baada ya kukaza nikapima tena kila mgongo wa transista dhidi ya hitisinki, mita kwenye megaomu, hakuna kitu. Nikabana, nikapiga kwa mpini wa bisibisi, hakuna kitu.

Kwenye gari amplifaya haikurudi kwenye bati. Tumekata mbao ya plaiwudi, mbao imefungwa kwenye sakafu na amplifaya imefungwa kwenye mbao, skrubu fupi zisizofika chini, nafasi ya hewa imeachwa pande zote. Ethi ya amplifaya ilikuwa imefungwa juu ya rangi, mziki ukipigwa nilipata karibu volti moja kati ya teminali ya ethi na hasi ya betri, tukakwangua mpaka chuma, ikashuka 0.1. Subwufa nikaipima koili, omu 3.5, hiyo ni sahihi kwa ya omu 4 na haikuwa na hatia. Fyuzi mbili mpya za 30, na nyingine kubwa karibu na betri maana haikuwepo kabisa, waya wa chanya ulikuwa unapita gari zima bila ulinzi.

Redio nayo nilimwomba aniachie. Nikaifungua, nikarudisha ethi ya RCA kwa fyuzi ndogo ya aina ile ile ya kulehemu badala ya waya mnene, kwa hiyo hata siku moja kitu kikigusa tena itaanza kukatika hiyo na spika zitaanza kulia. Nikamwambia dereva, mzee ukisikia wiiii tena usimruhusu mtu aizibe, zima amplifaya uilete. Tukawasha injini, akakanyaga mafuta, spika kimya. Kesho yake akapakia abiria akaenda Kampala na kurudi na mziki wake, akanipitishia gari nikashika hitisinki ikiwa imetoka safarini, joto lake mkono unavumilia bila shida, nikapima DC ya spika pale pale, milivolti 20 na 27.